Leseni au pango? Kisa cha vyumba viwili vya Boscombe

Tarehe 7 Machi 1983, huko Boscombe, kitongoji cha mji wa Bournemouth kusini mwa Uingereza, mwanamke mmoja alitia saini karatasi ya mwenye nyumba mara mbili. Saini ya kwanza ilikuwa ya masharti: vyumba viwili, namba 5 na 6, pauni 37 kwa wiki, zilipwe kila Jumatatu, tena kabla ya wiki kuanza. Ya pili aliiweka chini ya sentensi iliyotengwa peke yake, inayosema kwamba anaelewa na kukubali kuwa leseni hii haimpi, wala haikukusudiwa kumpa, upangaji unaolindwa na Sheria za Kodi za Nyumba.

Kisa kizima kimo katika saini hiyo ya pili. Mtu akiombwa athibitishe kwa maandishi kwamba yeye si mpangaji, basi yupo aliyekwisha kuhisi kwamba huenda ni mpangaji.

Kesi iliyozaliwa na karatasi hiyo inaitwa Street v Mountford. Ilianza katika mahakama ya kaunti na kuishia katika Baraza la Malodi, ambalo enzi hizo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa nchini humo. Hukumu ilitolewa tarehe 2 Mei 1985. Bwana Street, mwenye nyumba, alikuwa wakili kwa kazi yake, na karatasi yake haikuwa ya kubahatisha. Bi Mountford alihamia vyumbani humo na mumewe. Kwa sasa sitamwita mpangaji, kwa kuwa neno hilo ndilo lililokuwa likigombewa. Nitamwita mkaaji mpaka Malodi, yaani majaji wa baraza hilo, waseme.

Kwanza tuelewane kuhusu "leseni". Tukilisikia neno hili tunafikiria udereva au biashara. Katika sheria ya nyumba maana yake ni ndogo zaidi: ni ruhusa inayofanya kuwapo kwako mahali pa mtu kusiwe kosa. Mgeni uliyemkaribisha sebuleni ana leseni. Aliyelala hotelini ana leseni. Ruhusa ikiondolewa, na muda mfupi wa kufungasha ukipita, aliyekuwa mgeni anageuka mvamizi. Pango ni jambo jingine kabisa. Katika pango kipande cha haki juu ya nyumba yenyewe kinahama kutoka kwa mwenye nyumba kwenda kwa mpangaji kwa muda waliokubaliana, na kwa muda huo mpangaji anaweza kumfungia mlango mtu yeyote, mwenye nyumba akiwemo.

Ukisoma hivyo tu utadhani ni ubishi wa maprofesa. Mwaka 1983 ulikuwa ubishi wa pesa na wa paa. Sheria ya Kodi za Nyumba ya mwaka 1977 ilimpa mpangaji wa nyumba binafsi kinga mbili nzito. Ya kwanza, mwenye nyumba hakuweza kumtoa bila amri ya mahakama, na mahakama haikuweza kutoa amri hiyo bila sababu zilizotajwa ndani ya sheria, kwa mfano kodi isiyolipwa. Kwisha kwa mkataba hakukutosha. Ya pili, kila upande uliweza kumwomba ofisa wa kodi za nyumba asajili "kodi ya haki". Ofisa huyo alipokadiria kiasi, sheria ilimwamuru asihesabu uhaba. Yaani kama nyumba ni chache na watu wanapandishiana bei, ongezeko hilo aliweke kando. Kiasi kilichosajiliwa kikawa dari, na mkataba unaosema zaidi haukuwa na nguvu kwa kile kilichozidi.

Mwenye leseni hakupata hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa hiyo wenye nyumba na mawakili wao wakaanza kutafuta matundu, na kusema kweli walikuwa na ubunifu. Sheria haikulinda nyumba za likizo, basi ghafla watu walioajiriwa na kuishi mjini mwaka mzima wakajikuta wametia saini mikataba ya "likizo". Sheria haikumlinda kikamilifu mtu ambaye kodi yake inajumuisha chakula, basi chakula kikaletwa. Kuna kesi ya mwaka 1988, Otter v Norman, iliyofika mpaka kwa Malodi kwa ajili ya kifungua kinywa: mikate midogo miwili na siagi, jemu, chai au kahawa, na glasi ya juisi. Swali likawa je, hicho ni chakula kwa maana ya sheria? Malodi wakasema ni chakula, na mkaaji akaikosa kinga yake kwa mikate miwili. Lakini tundu kubwa kuliko yote lilikuwa leseni. Hapakuwa na haja ya kupika chochote. Ilitosha kuandika.

Sasa tuitazame karatasi yenyewe, kwa sababu watu wengi huisimulia kesi hii bila kuisoma. Hakuna mahali ilipotaja kodi. Ilisema "ada ya leseni". Ilimkataza mkaaji kutumia jiko la mafuta ya taa au kifaa kingine cha kupasha joto zaidi ya kilichowekwa chumbani. Ilikataza watoto na wanyama. Ilisema hakuna mtu mwingine atakayelala humo bila ruhusa. Ilitaka amana ya ada ya wiki mbili, irudishwe mwishoni baada ya kukatwa gharama za uharibifu. Ilisema ada ikichelewa siku saba, au sharti lolote likivunjwa, mwenye nyumba anaweza kuingia chumbani na leseni ikafa papo hapo. Kila upande uliweza kuivunja kwa notisi ya maandishi ya siku 14. Na ilimpa mwenye nyumba haki ya kuingia wakati wowote kukagua hali ya chumba, kusoma mita na kukusanya pesa zilizomo, kufanya matengenezo, kuweka au kubadili samani, au kwa shughuli nyingine yoyote ya maana.

Kifungu hicho cha mwisho kishike kichwani, tutakirudia. Mwandishi wake alikiona ngao.

Miezi mitano baadaye, Agosti 1983, ofisa wa kodi alisajili kodi ya haki kwa ombi la mkaaji. Bwana Street hakungoja. Alikimbilia mahakama ya kaunti kuomba itamke kwamba kilichopo kati yao ni leseni, si pango. Napenda kuwaonyesha watu hatua hii, kwa sababu wengi hudhani kesi za nyumba huanza na mtu kutupwa nje na magodoro barabarani. Hii ilianza na fomu ya kuomba kodi ipimwe. Kodi ilikuwa inalipwa, na hakuna aliyekuwa amevunja kitasa.

Mahakama ya kaunti ilisema: ni pango. Mahakama ya Rufani ikapindua: ni leseni. Hoja ya majaji wa rufani haikuwa ya kijinga, na kuidharau ni kukosa nusu ya kisa. Walisema watu wazima wawili wamekaa, wameandika, wamesaini. Kila mstari wa karatasi unaonyesha kwamba hawakukusudia kuunda pango. Mkaaji hakudanganywa, tena alitamka kwa saini ya pili kwamba ameelewa. Uhuru wa kufunga mkataba utakuwa na maana gani ikiwa mahakama itawaambia watu kwamba wamefanya jambo ambalo wote wawili waliandika kuwa hawalifanyi? Zaidi ya hapo, walikuwa na hukumu za miaka iliyotangulia nyuma yao. Tangu miaka ya 1950, Jaji Denning na wenzake walikuwa wakisema kwamba kipimo ni nia ya pande mbili.

Malodi watano wakasikiliza rufaa. Lodi Templeman ndiye aliyeandika, na wanne wengine wakakubaliana naye bila kuongeza lao.

Alianza na jambo ambalo upande wa Bwana Street ulikuwa umelikubali wenyewe: kwamba mkaaji alikuwa na milki ya pekee ya vyumba vile. Kwa lugha nyepesi, yeye na mumewe ndio waliokuwa na haki ya kuwamo na kuwazuia wengine. Bwana Street hakuwafulia mashuka, hakuwafagilia, hakuwapikia, na hakuwa na haki ya kumpachika mtu wa tatu humo. Kwa nini wakili mzoefu alikubali jambo hilo? Nadhani hakuwa na njia. Vyumba viwili, watu wawili, mlango na ufunguo. Kubisha kungeonekana kichekesho. Alitegemea kwamba hata kwa milki ya pekee, nia iliyoandikwa ingemwokoa. Aliikabidhi ngome na kubaki analinda bendera.

Kutoka hapo hoja ya Templeman inakwenda kwa hatua fupi. Sheria ya Uingereza inamjua mtu anayekaa nyumba ya mwingine kwa malipo kwa sura mbili tu: ama ni mpangaji, ama ni mlalaji. Mlalaji ni yule ambaye mwenye nyumba anampa huduma zinazohitaji mwenye nyumba au watumishi wake kuingia na kutoka chumbani bila kizuizi. Anaweza kukiita chumba changu, lakini si chake. Asiyepewa huduma hizo, akakabidhiwa mahali pa kuishi apakalie peke yake, kwa muda unaojulikana, na akalipa, huyo ni mpangaji. Mambo matatu: milki ya pekee, muda, malipo. Wiki kwa wiki ni muda. Pauni 37 ni malipo. La milki limekwisha kukubaliwa. Kilichobaki ni jina tu.

Kuhusu jina ndipo alipoandika sentensi ambayo kila mwanafunzi wa sheria ya ardhi huko anaijua. Kuitafsiri kuna kazi yake, maana imesimama juu ya zana mbili za bustani. Alisema, kwa maneno yangu, kwamba mtu akitengeneza chombo cha mkono cha kuchimbia chenye meno matano, ametengeneza uma, hata kama fundi mwenyewe, kwa kuwa hakijui vizuri Kiingereza, anang'ang'ania kwamba alikusudia kutengeneza sepetu na sepetu ndilo alilotengeneza. Kuna kejeli humo ambayo tafsiri inaipunguza. Fundi wa kesi hii hakuwa mgeni wa lugha hata kidogo, alikuwa wakili.

Watu hunukuu uma ule wakaishia hapo. Mimi naona nguvu halisi ya hukumu iko katika aya mbili zisizo na mzaha.

Ya kwanza inahusu uhuru wa mkataba. Templeman hakuukataa, aliugeuza. Alisema pande zote mbili zilikuwa huru kufunga au kutofunga mkataba, na ziliutumia uhuru huo kwa kukubaliana masharti yaliyoandikwa, hayo na si mengine. Lakini matokeo ya kisheria ya masharti hayo si sehemu ya makubaliano. Mnachagua mtakachofanya, na sheria ndiyo inayosema kitu hicho ni nini. Kwa hiyo nia inayotafutwa ni moja tu: je, walikusudia mtu huyu akae humo peke yake, kwa muda, kwa malipo? Kama ndiyo, nia nyingine, ile ya kutotaka kinga ya sheria izaliwe, haihesabiki. Bunge liliweka kinga kwa ajili ya mtu aliye na haja ya makazi na asiye na nguvu ya kubishana. Ikiwa mtu huyo anaweza kuiacha kwa saini, kila mwenye nyumba ataidai saini hiyo kabla ya kutoa funguo, na kila mwenye haja ataitoa. Hapo ndipo saini ya pili ya tarehe 7 Machi ilipokosa kazi.

Ya pili ni ile ngao, kifungu cha kuingia chumbani. Bwana Street alikiandika kuonyesha kwamba chumba bado ni chake. Templeman akakisoma kinyumenyume. Mwenye nyumba akijiwekea haki ya kuingia kwa ajili ya ukaguzi na matengenezo, alisema, anazidi tu kuthibitisha kwamba mkaaji ana milki ya pekee. Fikiri: nani hujiandikia ruhusa ya kuingia mahali ambapo tayari ana haki ya kuingia? Mwenye hoteli haweki kifungu cha kusoma mita katika chumba cha mgeni. Anatuma mtu anaingia. Ukikuta karatasi imeorodhesha sababu za mwenye nyumba kuingia, imekiri kwamba bila sababu hizo hana ruhusa. Nimekwisha kuwaonyesha watu kifungu cha namna hii katika karatasi zao na kuwaona wakiinua nyusi, kwa maana ndicho walichokuwa wakikiogopa kuliko vyote.

Bi Mountford, basi, alikuwa mpangaji. Tangu siku ya kwanza.

Kuhusu Denning na hukumu za nia, Templeman hakuzifagia zote. Alizipanga upya, akaonyesha kwamba katika nyingi kati ya hizo kulikuwa na sababu nyingine ya kukosekana kwa pango. Mwaka 1942 kulikuwa na kesi ya watu waliobomolewa nyumba kwa mabomu wakaazimwa nyumba ndogo bila kulipa. Pale hapakuwa na nia ya kufungana kisheria, palikuwa na huruma. Kulikuwa na baba aliyenunua nyumba kwa mkopo, akawaambia mwanawe na mkewe wakae, walipe marejesho, mwishowe itakuwa yao. Kulikuwa na mfanyakazi anayelala kazini kwa sababu kazi yenyewe inamtaka alale pale. Kulikuwa na mwenye nyumba aliyemwachia binti wa mpangaji marehemu abaki miezi michache kwa sababu hakutaka kumsukuma akiwa na msiba. Wema wa namna hiyo haugeuki pango, na ni vizuri usigeuke, la sivyo hakuna atakayemfungulia jamaa mlango. Kilichotupwa kabisa ni kesi kama ile ya Somma v Hazelhurst ya mwaka 1978: wapenzi wawili, chumba kimoja, lakini kila mmoja amepewa karatasi yake, zote zikidai kwamba mwenye nyumba anaweza kumleta mtu mwingine alale nao. Templeman alisema mahakama zifumbue macho kwa viini macho vya aina hii.

Baada ya hukumu, wenye nyumba hawakuacha, walihama. Kwa kuwa jina halisaidii tena, vita ikaenda kwenye ile ngome aliyoikabidhi Bwana Street: milki ya pekee. Yeye alikubali ipo, wao wakaanza kuandika kwamba haipo.

Mfano ulio wazi zaidi ni Antoniades v Villiers, uliofika kwa Malodi mwaka 1988. Wachumba wawili walitafuta fleti waishi pamoja, wakapata ya darini huko London. Wakasaini siku moja, wakati mmoja, karatasi mbili zinazofanana neno kwa neno, kila mmoja akiahidi nusu ya malipo. Kifungu cha 16 kilisema mwenye nyumba anaweza wakati wowote kuvitumia vyumba pamoja na mkaaji na kuwaruhusu watu wengine wavitumie vilevile. Samani alizoweka yeye zilikuwamo, na kitanda kilikuwa cha watu wawili. Ukikisoma kifungu hicho mbele ya kitanda hicho kinajieleza chenyewe. Hakuna aliyekusudia mwenye nyumba aje alale katikati. Malodi walisema kifungu kile ni geresha, karatasi mbili ni mkataba mmoja, na wale wawili ni wapangaji kwa pamoja. Templeman alikiri hapo kwamba neno alilolitumia mwaka 1985 la kuita mambo haya ulaghai liliweza kuleta kutoelewana, na kwamba "kisingizio" lingekuwa sahihi zaidi. Tofauti hiyo si ya urembo. Ulaghai hudai uthibitishe kwamba pande zote mbili zilijua wanaigiza. Kisingizio chatosha kikionekana kwa kulinganisha karatasi na maisha.

Siku hiyohiyo Malodi waliamua kesi nyingine, AG Securities v Vaughan, na mkaaji akashindwa. Fleti ya vyumba vinne, watu wanne wasiojuana, kila mmoja ameingia mwezi wake, analipa kiasi chake, na mmoja akiondoka kampuni yenye fleti inamleta mwingine. Hakuna hata mmoja aliyeweza kumzuia mgeni mpya kuingia, na wanne wale hawakuwahi kuingia pamoja kama kundi. Hapo karatasi na maisha vilisema jambo moja. Zilikuwa leseni kweli. Ukiwa unaishi nyumba ya kuchangia, hizi kesi mbili zisome kwa pamoja na usimsikilize anayekunukulia moja tu.

Kisha ikaja Aslan v Murphy, kwenye Mahakama ya Rufani. Chumba cha chini ya ardhi, upana mita moja na robo hivi, urefu chini ya mita nne. Karatasi ilisema mkaaji hana ruhusa ya kuwamo kati ya saa nne na nusu asubuhi na saa sita mchana kila siku, na mwenye nyumba anabaki na funguo. Dakika tisini za kila siku za kutangatanga nje! Hakuna aliyezifuata hata siku moja. Mahakama ilisema ni geresha, na ikaongeza kuhusu funguo jambo ambalo bado linasahaulika: kubaki na funguo peke yake hakuthibitishi kitu. Swali ni funguo ni za nini. Kama ni za kuzima moto, kusoma mita au kuziba bomba lililopasuka, mpangaji anabaki mpangaji. Kama ni kwa sababu kila asubuhi anaingia mtu kutandika kitanda na kusafisha, hapo unaanza kumwona mlalaji.

Na mwaka 1999, katika kesi ya Bruton, kipimo cha Street kilivutwa mpaka kikakaribia kukatika. Shirika la hisani la nyumba huko London lilikuwa limeazimwa na halmashauri jengo linalongoja kubomolewa. Shirika lenyewe lilikuwa na leseni tu, na lilimwambia wazi mkaaji kwamba naye ana leseni. Mkaaji akataka matengenezo ambayo sheria inamdai mwenye nyumba amfanyie mpangaji. Malodi wakasema ni mpangaji: alikaa peke yake, kwa muda, kwa malipo. Utauliza, asiye na pango atampaje mwingine pango? Lodi Hoffmann alijibu kwamba upangaji ni uhusiano kati ya wawili, na si lazima uzae haki juu ya ardhi inayomgusa mtu wa tatu. Wasomi wamelalamika mpaka leo, na mimi nadhani wana hoja. Ukisema pango ni kipande cha haki juu ya nyumba, kisha ukasema lipo pango lisilo kipande cha chochote, umemwongezea uma ule jino la sita.

Hilo linanirudisha kwenye udhaifu wa hukumu ya 1985 yenyewe. Templeman aliandika kana kwamba milki ya pekee inaonekana kwa macho, kama meno ya uma. Katika vyumba vya Boscombe ilionekana kwa sababu ilikubaliwa. Katika nyumba nyingi haionekani mpaka uulize maswali ya kuchosha: nani anafua mashuka, mara ngapi, na je, kweli anakuja? Mwenye nyumba anaishi humohumo? Aliwahi kumleta mtu mwingine, au ni maandishi tu? Ukichelewa kulipa anakuandikia nini, na katika ujumbe wake wa simu anakiita kitu hicho "ada" au "kodi"? Majibu ya maswali hayo ndiyo ushahidi, na mara nyingi mkaaji ndiye pekee anayeweza kuyakusanya, kwa kuandika tarehe na kutunza risiti tangu anahamia, kabla ugomvi haujaanza. Ahadi ya huduma isiyotekelezwa hata mara moja katika miezi sita husema mengi zaidi ya ukurasa mzima wa masharti.

Bi Mountford aliupata upangaji wake na kinga zake. Waliokuja baada yake walikuwa na miaka michache tu ya kuufaidi ushindi ule kwa ukamilifu. Tarehe 15 Januari 1989 Sheria ya Nyumba ya mwaka 1988 ilianza kufanya kazi. Kwa mikataba mipya kodi ikaachiwa soko, na ukawekwa upangaji wa muda mfupi ambao, muda wake ukiisha, mwenye nyumba aliweza kuurudisha mlango kwa notisi ya miezi miwili bila kutoa sababu yoyote. Njia hiyo ilidumu zaidi ya miaka 35 kabla Bunge halijapitisha, mwaka 2025, sheria ya kuifuta. Katika kipindi hicho mawakili wa wenye nyumba hawakuwa tena na haja ya kuhangaika na leseni, likizo wala mikate miwili. Waliandika "mkataba wa upangaji" kwa herufi kubwa juu ya karatasi, na hapakuwa na haja ya saini ya pili.